Ufagio wa Fundi Rimoti

Mtaa mzima ulimwita Fundi Rimoti, na jina hilo dada huyu alilipata kwa jasho lake. Mpe rimoti iliyokufa, kidude cha gemu kilichokwama vitufe, hata redio iliyozama kwenye ndoo ya maji, atavifufua huku anapiga soga. Kibandani kwake kulikuwa na meza moja, taa moja ya kuinamisha, na mikebe kumi na mitatu ya skrubu ambayo ole wako uiguse.

Lakini kilichomkosesha raha mwaka huo hakikuwa skrubu. Maktaba ya mji iliandaa maonyesho ya sanaa za kompyuta, na yeye, mcheza gemu tangu hajang'oa meno ya utoto, alikuwa ametengeneza gemu lake mwenyewe. Humo hamna bunduki wala mbio za magari. Mna nyumba ya ibada tupu, vumbi, na mwanamke mwenye ufagio. Basi!

Mwanamke huyo alikuwa mama yake hasa, na kile kitambaa chake kichwani. Miaka thelathini na mmoja mama alikuwa akifagia nyumba ya ibada kila alfajiri. Aliposikia habari za gemu, alikunja uso.

"Mwanangu, Mungu hachezewi."

"Simchezei, mama. Njoo uone tu."

"Nitakuja. Nikiona mzaha, unaniondoa humo siku hiyohiyo, na mambo yako usinishirikishe tena."

Fundi alimjua mama yake: akisema, amesema. Miaka miwili ya kazi ingekwenda na maji, na hilo lilikuwa dogo mbele ya kununiwa na mama.

Siku ilipofika, wacheza gemu walijaa ukumbini. Wakapokezana kidude, wakafagia kwenye skrini kwa fujo kuanzia mlangoni. Vumbi likaenda mbele, likagonga ukuta nyuma ya mimbari, likarudi lote.

"Gemu lako bovu hili, halina mwisho!" mmoja wao akalalamika.

"Ndiyo maana yake," Fundi akajitia usomi. "Imani haina mwisho."

Mkutubi akaitikia kwa heshima, akaandika kwenye daftari. Loo! Kumbe hata Fundi mwenyewe hakuwahi kulimaliza.

Mama akaingia. Watu wakampisha, akaketi, akakishika kile kidude kama aliyepewa kaa la moto. Akaikodolea macho skrini, ambako mwanamke alisimama mlangoni na ufagio wake.

"Huyu ni mimi?"

"Ni wewe, mama."

"Umeninenepesha."

Watu wakaangua kicheko, lakini mama alikuwa bado.

"Na nani kakwambia mtu anaanzia mlangoni? Vumbi lote unamsukumia Mungu!"

Miaka yote hiyo mama alipokuwa anafagia, yeye alikuwa amejifunika shuka gubigubi. Hakuwahi kwenda kumtazama hata siku moja. Aibu ilimshika hapohapo, mbele za watu.

Mama akamtembeza yule mwanamke polepole hadi mimbarini, bila kufagia hata punje. Akamgeuza. Ndipo akaanza kufagia kuelekea mlangoni, pembe kwa pembe, bila papara.

"Mwenda pole hajikwai," akanong'ona mmoja wa walioshindwa.

Vumbi likatoka nje na halikurudi. Sakafu ikang'aa. Ukumbi ukalipuka kwa makofi na vigelegele, na mkutubi akakata alichokuwa ameandika.

Mama hakupokea sifa. Aliendelea kuutazama mlango wa kwenye skrini, akingoja.

"Mbona waumini hawaji?"

"Sikuwaweka, mama. Sikujua kuna mtu angeweza kumaliza."

"Sasa mimi nimefagia kwa ajili ya nani?"

Usomi wote ukamtoka Fundi. Machozi yakamlengalenga, naye hakuyaficha.

"Nisamehe, mama. Nilijua unafagia. Sikuwahi kuuliza unamfagia... unafagia kwa ajili ya nani."

Mama akakiweka kidude mezani, akavuta kiti cha pili, akakipigapiga kwa kiganja.

"Kaa hapa, uandike. Muumini wa kwanza kufika huwa ni fundi viatu mmoja. Anakohoa kabla hajaingia, ili nisishtuke. Na kikohozi chake ukiweke."