Dawa ya Kuzuia Aliyouziwa Minza

Jua la Bariadi halijaanza kuchoma, na Minza ameshakalia gunia tupu kwenye ghala la mnunuzi wa pamba. Tumbo la miezi saba linamlazimu kutanua miguu, lakini mikono inakwenda yenyewe. Nyeupe huku, pamba safi. Ya njano yenye makapi kule, fifi, ya daraja la chini.

"Mwangaluka, mayu," anamwamkia kila mama anayeingia na mzigo, hata wale waliomsema sana wakati wa palizi.

Minza si jina lake halisi. Ana miaka ishirini na miwili, mzaliwa wa Sapiwi, na hulipwa kwa gunia.

Tangu biashara ilipofunguliwa kwa kila mtu, wanunuzi binafsi wamejaa wilayani na maduka ya dawa yameota kila kona. Wako wauzaji wanaoijua kazi yao, na wako waliokuwa wakiuza mafuta ya taa juzijuzi tu. Minza aliangukia kwa hao wa pili.

Aliyempeleka ni Joakim, karani aliyekuwa akigawa mbegu na dawa za pamba, mume wa mtu, naye ndiye aliyempa mimba. Mtoto akizaliwa, baba yake Minza angemdai ng'ombe wa kumkomboa, kama ilivyo desturi. "Aliwaona ng'ombe," anasema Minza. "Mimi hakuniona."

Alimeza kidonge kimoja cha kutoa mimba pale pale dukani, wanaume wawili wakimtazama koo. Vinne akafungiwa kwenye gazeti, avitumie kesho yake kumalizia.

Hakufika mbali. "Njiani nilijiuliza, hivi nani kaamua? Nikaona wameamua wao. Mimi mtoto nilikuwa namtaka."

Asubuhi akarudi dukani kuomba msaada mimba isitoke. Muuzaji akacheka, akachovya mkono kwenye boksi na kumpa vidonge vingine vinne, navyo kwa pesa. "Hivi vinazuia," akamwambia. "Tumia vyote kwa pamoja."

Kilichomwokoa ni kosa la watu wa pamba. Huku, anayelewa dawa ya kupulizia shambani hunyweshwa maziwa, na watu huamini sumu imekwisha. Shangazi yake, Nyanjige, aliposikia habari, alijaza kibuyu.

"Dawa juu ya dawa ya nini? Kunywa maziwa, ng'wana wane, yatakusafisha."

Minza akanywa mpaka akacheua. Vidonge akavifunga kwenye pindo la khanga pamoja na vile vya kwanza. Maziwa hayakusafisha kitu. Baada ya siku mbili damu ikaanza kutoka.

Kwenye zahanati ya kwanza, mhudumu hakumpima hata mapigo. "Mtaje kwanza aliyekupa dawa, la sivyo naita polisi." Mtu anavuja damu, mwenzake anatafuta kesi! Minza akaondoka akijikongoja, khanga nyingine kaifunga kiunoni.

Mjini alipokewa na Generoza, mkunga wa makamo. Huyu alifunga mlango, akamlaza, kisha akauliza, "Mdogo wangu, wewe mwenyewe unataka nini?"

Akisimulia hapa, mikono ya Minza inasimama juu ya pamba. "Ilikuwa mara ya kwanza mtu kuniuliza."

Kisha akafungua pindo la khanga. Generoza akaviweka vidonge kiganjani, vya kumalizia na vya kuzuia. Vilikuwa aina moja. Muuzaji alimuuzia vilevile alivyokuwa anavikimbia, na kama si maziwa ya shangazi angevitumia vyote vinane.

"Dawa ya kurudisha nyuma ninayoweza kuiapia sina," anasema Generoza. "Nilimwambia asitumie tena chochote, tukampima, tukamwangalia. Wengine mimba haishiki hata wakiacha, na wengine damu huwa nyingi mpaka hatari. Nilimweleza yote bila kumficha."

Ultrasaundi ilionyesha moyo unapiga. Damu ikakata, naye hajakosa kliniki hata mara moja.

Joakim amehamishiwa Meatu, anagawa mbegu huko. Duka liko wazi. Mwandishi alipomuuliza muuzaji kuhusu vile vidonge, alijibu bila kuacha kupanga chupa zake, "Mteja hupewa anachotaka." Inatia hasira kulisikia neno hilo kinywani mwake.

Minza amepanga kujifungulia hospitali, mikononi mwa Generoza.

"Nikitoka wodini sitaenda Sapiwi moja kwa moja," anasema, akichambua tena. "Nitapita dukani kwake wakati watu wamejaa. Nitamlaza mwanangu juu ya kaunta, nimwambie: mtazame vizuri, halafu uwaeleze hawa ulikuwa unazuia nini."