Mafaili ya Kuku wa Kioo

Kila asubuhi Ardith Yoho aliweka kahawa mezani, akavaa miwani, akaanza kuwatafuta kuku wake. Si kuku wa kufuga. Ni wa kioo: bakuli lenye kifuniko cha umbo la kuku anayeatamia, kama yale waliyokuwa wakitengeneza katika kiwanda cha mji wao, ukingoni mwa mto Ohio, kabla tanuri halijazimwa. Mumewe, Delbert, alichota kioo cha moto katika tanuri hilo ujana wake wote. Ardith alikuwa katika chumba cha kufungia mizigo, akikagua vyombo. Kiwanda kilikufa. Jicho la Ardith halikustaafu.

Alichokitafuta kwenye kompyuta ni minada iliyokwisha. Kuku mmoja kauzwa Iowa, mwingine Texas. Mtandao huiacha picha yake na bei yake kwa miezi michache, kisha huifuta, kana kwamba kuku huyo hakuwahi kuwapo. Ardith aliwahi kabla. Alilichapa tangazo lote kwa printa, akaandika mstari mmoja chini yake kwa kalamu. "Mdomo umelika." "Huyu mpya, kalibu aliyomiminiwa ndiyo ya zamani." "Mzuri, kaenda kwa bei ya kutupa, maskini." Halafu akaitoboa karatasi na kuitia failini, kila rangi na faili lake.

Katika chama cha wapenda kuku wa kioo hakuna aliyeuza wala kununua bila kumuuliza. Wakibishana bei, mmoja husema, "Muulizeni Ardith," na ubishi umekwisha.

Alifariki mwezi wa pili, theluji bado ipo barazani. Asubuhi ya baada ya mazishi Delbert aliweka vikombe viwili mezani, akakirudisha kimoja kabatini.

Wilda Tennant, mwenyekiti wa chama, alikuja na sufuria ya maharage na mkate wa mahindi.

"Mafaili tutayafanyaje, Delbert?"

"Nitaendelea nayo."

"Wewe? Wewe simu ikilia unaipiga kofi!"

"Nitaendelea nayo, Wilda."

Akaendelea, kwa kidole kimoja. Alikuwa ameishia shule ndogo, kusoma kwake kulikuwa kwa taratibu. Lakini printa ilipoguna, nyumba ilikuwa kama zamani, angalau mpaka karatasi itoke. Akaona kuku, akaona bei, akachapa, akatoboa.

Majira ya kuchipua chama kilifanya soko lake katika ukumbi wa chini ya kanisa. Opal Hissom, bibi wa miaka tisini na kitu, alileta kuku wake wa buluu.

"Nataka mashine za masikio," alisema. "Mchungaji anachekesha watu, na mimi sijui wanacheka nini."

Wilda akafungua faili la buluu alilolileta Delbert, akazitazama kurasa za mwisho, akapiga mluzi. "Opal! Umekalia mali!"

Opal akataja bei iliyo failini. Bwana mmoja kutoka Zanesville akasema atatoa nusu yake. Opal akamtazama kama mwizi. Jioni kuku akarudi nyumbani, amefungwa kwenye gazeti.

Juma lililofuata Wilda aliingia jikoni kwa Delbert bila kubisha hodi, akamwaga karatasi za faili la buluu mezani.

"Hizi ni bei za nani?"

"Za kuku."

"Za wenye kuku! Hawa hata mmoja hajauzwa. Ndiyo kwanza wanatangazwa. Mwenye kuku anaweza kuandika hata bei ya trekta, nani atamkataza?"

Ardith alikuwa na neno lake: anachotaka muuzaji ni ndoto, alichotoa mnunuzi ndiyo bei. Delbert alilisikia miaka mingi kutoka chumba cha pili, kama mtu anavyosikia mvua.

Wilda akashusha sauti. "Watu wanaona tuyafunge, Delbert. Ukurasa wa mwisho uwe wa Ardith. Si kwa ubaya."

Hilo la si kwa ubaya ndilo lililomchoma. Mafaili yakifungwa, asubuhi za mkewe zimefungwa nayo.

"Nipe kuku mmoja," alisema. "Mmoja tu, nimfuate mpaka mwisho wake."

Alikwenda kwa Opal, kofia mkononi.

"Bibi Opal, nimekuharibia."

"Unasemaje?"

"NIMEKUHARIBIA!"

"Usinipigie kelele, kijana. Mtu akiharibu, anatengeneza. Muuze wewe."

Wilda akampiga picha kuku, wakamtia kwenye mnada wa mtandaoni. Bei ikakaa chini juma zima, haitikisiki. Jumapili mchana, baada ya ibada, wote watatu walikaa jikoni mbele ya kompyuta. Delbert alikuwa amejipa moyo, sasa umemtoka. Akapeleka kidole kwenye printa.

Wilda akamchapa mkono. "Bado! Ardith angengoja."

Akangoja. Dakika za mwisho watu wakaamka. Bei ikaruka, ikatulia, ikaruka tena. Halafu likatokea neno moja: imeuzwa. Bei ilikuwa imeipita ile ya bwana wa Zanesville kwa pesa za chakula cha mchana tu.

"Wamesema nini?" Opal aliuliza.

"KAUZWA!"

"Bwana asifiwe. Na acheni kelele."

Printa ikaguna. Delbert akachukua kalamu ya mkewe, akaandika polepole: "Kuku wa Opal. Mzima."

"Mzima wapi!" Wilda akadaka. "Mkia umelika. Tuliandika kwenye tangazo, na picha yake tumeweka. Opal alimwangusha."

Opal alikuwa akiitazama midomo yao. "Sikumwangusha mimi. Ni paka."

Delbert akalikata neno la mwisho, akaandika: "Mkia umelika. Ni paka." Akatoboa. Kurasa zake za ndoto akazitoa zote, akazitia kwenye jiko la kuni. Ukurasa wa Opal akauweka nyuma ya ule wa mwisho wa Ardith.

Wilda alisoma, akasoma tena. Akavaa koti.

"Mkutano ujao uyalete."

"Ni mazito."

"Ardith alikuwa akiyabeba peke yake."

"Uongo. Nilikuwa nayabeba mimi. Yeye alikuwa anabeba keki."

Wilda alishika kitasa cha mlango.

"Basi," alisema, "lete na keki."