Wawili wa Heru Juu na Wajerumani Wao

Kama kuna kitu kilichomchosha Longinus, ni kuombwa "ile ya polepole". Kila harusi ya Kasulu, kila kipaimara, lazima atokee mama mmoja mwenye kitenge kipya, asogee kwenye kinanda na kumnong'oneza: "Mwanangu, tupigie ile ya polepole, Ernesta aimbe." Longinus aliguna tu. Watu hawa hawataki kukua, alijisemea.

Zamani na yeye aliipenda. Yeye na Ernesta walitoka kwaya moja ya parokia huko Heru Juu, wakachanga wakanunua kinanda, wakajiita Wawili wa Heru Juu. Yeye vidole, Ernesta koo. Na koo lile lilikuwa na kazi yake maalumu. Wakati wa kutunza maharusi, shangazi za bwana harusi hawakuwa wa kuingia hivi hivi na maharage yao na mbuzi wao. Walisimama mlangoni mpaka waimbwe, mmoja mmoja, kwa jina na kwa alikotoka. Asubuhi Ernesta alizunguka kuuliza majina, na jioni hakukosea hata moja.

Mwaka 2012 alikuwepo Anke, dada wa Kijerumani aliyekuwa akiwanyoosha viungo wagonjwa huko Kabanga. Alipoondoka alimwachia Longinus flashi yenye albamu nne za wanaume wawili wa kwao, wanaopiga muziki kwa mitambo. "Wawili, kama ninyi," alisema. Longinus aliipokea kwa mikono miwili.

Albamu ya kwanza kwenye flashi ilikuwa ya upole: kinanda, na mama mtu mzima anaimba. Ya pili iliongezewa mdundo. Katika ya tatu sauti ya mtu ilikuwa imepitishwa kwenye mtambo hadi hujui ni mtu au ni nyuki. Ya nne haikuwa na mtu kabisa. Chuma kwa chuma, kama mashine ya kusaga iliyomeza jiwe. Longinus alizisikiliza mpaka jirani zake wakalalamika, kisha akatoka na somo lake: wanamuziki huanza na koo la mtu, wakikomaa hubaki na mitambo.

Basi akaanza kukomaa. Kwanza alimpunguzia Ernesta beti, akamwachia viitikio. Halafu akaipitisha sauti yake kwenye mtambo, watoto wakakimbia. Mwaka 2014 akamweleza wazi kwamba sauti yake ni ya albamu ya kwanza.

"Ndiyo nini?" Ernesta akauliza.

"Ya utotoni. Wenzetu waliiacha kule."

Ernesta alifunga kitenge chake vizuri. "Haya. Baki na utu uzima wako," akasema, akarudi kulima maharage. Sokoni wakaanza kumwita Longinus "Wawili Mmoja", na jina hilo lilimkera kuliko kiu.

Mwaka uliofuata akaitwa kupiga harusi ya Isack, dereva wa bodaboda. Ukafika wakati wa kutunza. Longinus akafungulia chuma chake, spika zikatetemeka. Shangazi wakafika mlangoni, wakasimama. Akaongeza sauti. Wakaendelea kusimama. Mbele yao alikuwa bibi mmoja, kamba ya mbuzi mkononi, uso umekunjamana.

"Nani anatuita?" akauliza.

"Ingieni tu, mama, muziki wenyewe ndiyo huu!" Longinus alipiga kelele kwenye kipaza sauti.

"Yewe kijana! Mimi naingia kwa jina langu. Siingii kwa fujo."

Longinus alitaka kuwaita mwenyewe, lakini jina hata la mmoja hakuwa nalo. Ikabidi bwana harusi ainuke kwenye kiti chake, aende kuwavuta shangazi zake kwa mkono kama watu wasioalikwa. Longinus alifungasha nyaya bila kugusa pilau, na njia nzima alilaani: akawalaani shangazi, mbuzi, jenereta, kamati. Orodha ilikuwa ndefu na yeye mwenyewe hakuwemo.

Haukupita mwezi Anke akarudi kusalimia watu. Longinus, angalau apate mtu mmoja mwenye kuelewa, akampigia ile ya nne. Anke akacheka.

"Bado unasikiliza hii? Hii yao ya kwanza kabisa! Walikuwa wanafunzi, hawana mwimbaji. Walihangaika miaka mingi mpaka wakampata yule mama."

"Lakini yule mama yuko juu kwenye flashi!"

"Ndiyo. Mpya niliweka juu."

Longinus alikosa pa kuiweka hasira yake. Mtu gani anaanza kupanga vitu kutoka mwisho? Na kwa nini hakusema? Miaka mitatu ametembea kinyumenyume, tena kwa bidii!

Kesho yake akapanda bodaboda hadi Heru Juu. Ernesta alikuwa shambani, hakusimamisha jembe. Longinus akasimulia yote mfululizo, ya flashi, ya Anke, ya yule mama aliyetafutwa miaka mingi. Ernesta akapalilia mpaka mwisho wa tuta.

"Kwa hiyo Wajerumani wamekuruhusu," akasema.

"Ernesta, siyo hivyo."

"Ni hivyo. Yule dada asingerudi, ungekuja?"

Longinus alikuwa tayari kumlaumu Anke. Akamwona tena yule bibi pale mlangoni na kamba yake.

"Nilijua siku ya harusi ya Isack," akasema. "Walisimama mlangoni, bibi mwenye mbuzi mbele. Nilijua palepale kwamba ni wewe uliyekosekana. Niliona aibu kuja."

Ernesta akamtazama kwa mara ya kwanza. "Majina yao uliyauliza?"

"Ya nani?"

"Ya hao shangazi, Longinus! Uliowaaibisha! Hata baada ya harusi hukwenda kuwauliza?"

Hakuwa amekwenda. Ernesta akashusha pumzi ya mtu aliyechoshwa miaka mingi, akatupa jembe kando, akaanza kushuka kuelekea barabarani na udongo wake miguuni.

"Twende," akasema bila kugeuka. "Tunaanzia kwa mwenye mbuzi. Na wewe ndiye utakayemwimba."