Mikono Iliyofunga Kidonda

Bi Fatouma wa Buyenzi, mtaa wa Waswahili, alikuwa na redio ndogo ya betri na jirani aitwaye Lubna, na kati ya hivyo viwili, cha kuzimika kilikuwa redio peke yake. Jumamosi ile baada ya swala ya alasiri vyote vilikuwa sebuleni, maana mwana wa Bi Fatouma alikuwa anasema hewani.

"Mama, ufungue redio," alikuwa amemwambia kwa simu. "Ni ile emisyo ya watu wanaosimulia maisha yao. Nitasema yote."

Yote! Bi Fatouma alioga, akavaa gauni la Idi, akakaanga sambusa nyingi kuliko za kuuza, kwa ajili ya majirani watakaokuja kumpongeza. Mtoto akisimulia maisha yake yote, mama atakosaje kuwamo? Ndivyo alivyojiambia, na mtu asimcheke.

Mtoto huyo hakumzaa. Vita ya tisini na tatu ilipowaka, mume wake Massoudi, dereva wa lori, alishuka kutoka Bururi milimani na mtoto wa kiume wa miaka minne amefunikwa turubai. Kirundi tupu, jina Népomuscène, nyuma yake hakubaki mtu. Bi Fatouma hakujaliwa kizazi. Alimpokea palepale mlangoni, akamwita Tajudini, akamlisha, akamsomesha kwa sambusa. Tajudini akawa mtu wa biro, kazi ya ofisini, huko Rohero mjini. Alipopata akili za kiutu uzima akarudia jina lake la kwanza na dini ya wazazi wake, akamwoa Mathilde kanisani, akahamia Gihosha juu kilimani. Bi Fatouma alikaa benchi la nyuma kwenye harusi, akapiga vigelegele kama wengine. "Damu ni yake," alisema. "Mi nani wa kumkataza?"

Massoudi akafariki, nyumba ikapwaya. Kwanza Tajudini alikuja kila Jumapili. Baadaye ikawa Idi kwa Idi. Halafu esansi ya magari ikaadimika mjini, magari yakalala foleni vituoni, na hapo ndipo alipopata sababu isiyo na mwenye kuijibu. "Mama, esansi apana." Basi. Ungebishana naye vipi?

Redioni mtangazaji, Adélaïde, alimkaribisha kwa sauti ya asali, na Tajudini akaanza. Alisimulia milio ya bunduki. Alisimulia shuleni, Waislamu wakimwita mtoto wa kanisa na wa kanisa wakimwita Mswahili, hata akawa akirudi nyumbani anajifungia chooni kulia kabla ya kuja mezani. Bi Fatouma akaisogelea redio. Choo kile kiko hatua chache kutoka jikoni kwake, na hakuwahi kusikia chochote.

"Mutoto wangu," alinong'ona, "kwa nini hukuniita?"

"Shh! Tusikie," akasema Lubna, yeye ambaye hajawahi kunyamaza tangu azaliwe.

"Nina kumbukumbu moja tu ya mama yangu mzazi," Tajudini akaendelea. "Nimeumia mguu, nadhani nilijikata na jembe. Ameuweka kwenye paja lake, anapaka mawese ya vuguvugu, anapuliza. Anararua kitenge cha kijani chenye ndege weupe, anafunga kidonda. Anasema: 'Maumivu, shuka ziwani, oga huko, usirudi.' Sura yake siioni. Naona mikono tu. Kila nilipotaka kuanguka katika maisha haya, nilishika ile mikono."

Bi Fatouma akaitazama mikono yake.

Hakukuwa na jembe. Mguu ule ulichanwa na njia, kwa kukimbia bila viatu, na ulikuwa unatoa usaha Massoudi alipomshusha mlangoni. Kitenge cha ndege weupe alikivaa Bi Fatouma siku ya harusi yake, na kipande kilichobaki kiko sandukuni mpaka leo. Na yale maneno ni ya bibi yake, mzaliwa wa hapahapa Buyenzi, ambaye kila ugonjwa aliutuma ziwani.

"Na nani alikulea?" Adélaïde akauliza.

"Familia moja ya Buyenzi ilinipokea. Nawashukuru sana."

Familia moja! Miaka yote ile, mikesha yote ile ya homa, ikatoshea katika pumzi moja. Tajudini akataja namba yake ya simu: aliyemfahamu mwanamke wa namna hiyo huko Bururi, tafadhali apige. Muziki ukaingia.

Lubna alikuwa amekodoa macho. "Mama Taju. Mama wa milimani kule, Kiswahili hicho cha Buyenzi alikitoa wapi? Si ndiyo maneno uliyonisemea nilipojichoma na mafuta?"

"We Lubna, kula sambusa."

"Sili! Umwambie. Ni haki yako ile, anampa maiti!"

"Nimesema kula."

Wiki nzima Bi Fatouma alikuwa na hasira, na hasira ilikuwa tamu kuliko upweke, angalau ilimpa mtu wa kusema naye. Alimsema Tajudini akichambua vitunguu, alimsema akifagia. Familia moja, eh? Nitakuonyesha familia moja. Alimwonea wivu mwanamke aliyekufa, ambaye hakumjua hata jina, kisha akaona haya, kisha akamwonea tena. Alipopata simu kwamba Tajudini anakuja Jumapili, alitoa kitenge sandukuni, akakitandika kwenye kiti cha wageni, upande uliochanwa ukitazama mlango. Hatasema neno. Kitenge kitasema.

Jumapili Tajudini alifika jasho linamtiririka, viatu vyeupe kwa vumbi, maana sehemu kubwa ya njia ameitembea kwa miguu. Bi Fatouma alimwona kupitia dirisha kabla hajabisha. Uso ule aliujua. Ni ule ule aliouona chini ya turubai.

Akakirukia kiti cha wageni akakikalia, kitenge chini yake.

"Mama, hakuna aliyepiga," Tajudini akasema, akijitupa kwenye mkeka karibu na magoti yake. "Wa kunipongeza tu. Halafu Mathilde akaniuliza, mama yako wa Bururi alijuaje Kiswahili? Mama yangu alisema Kirundi tu, hilo najua. Basi ile niliota. Nilijitungia mwenyewe." Akafuta macho kwa kiganja, mtu mzima na tai yake. "Nilikuwa na kitu kimoja cha kwake, mama. Kama si chake, sina mama mi. Sina hata mikono."

Hakuna nafasi nzuri kuliko hiyo. Bi Fatouma angeinuka tu. Angeinuka, na mtoto angemjua, lakini yule mama wa Bururi angekufa mara ya pili, tena mbele ya macho ya mwanawe.

"Hukuota," akasema.

"Eh?"

"Siku uliyofika ulinionyesha mguu, ukaniambia kwa Kirundi kwamba mama yako aliyatuma maumivu ziwani. Kwenu si ziwa linaonekana kwa mbali? Ukalia mpaka nikayasema. Mi Kirundi changu kibovu, nikayageuza Kiswahili. Maneno ni yake."

Tajudini alishusha pumzi ndefu. "Na kitenge?"

"Ulifika nacho mguuni. Kilikuwa kimeoza, nikakitupa."

Alicheka huku machozi yanatoka, akamshika magoti. Miaka mingi hakumshika hivyo. Akala sambusa nne mfululizo, akasema atarudi redioni kumalizia habari za mama yake. Kisha akasita, sambusa mkononi.

"Kwa hiyo na wewe ulinifunga ule mguu?"

"Mara moja mbili hivi."

"Ajabu. Hiyo sikumbuki kabisa, mama."

"Ulikuwa mudogo."

Jua likaanza kushuka na Gihosha ni mbali kwa miguu, akaaga. Bi Fatouma hakuinuka.

"Hata hunisindikizi leo?"

"Miguu inaniuma, mwanangu."

"Basi iambie ishuke ziwani!" akasema Tajudini, akatoka akicheka, mwepesi, na sauti yake ikasikika akimsalimia Lubna barabarani.

Bi Fatouma akabaki amekikalia kitenge chake. Baadaye alivuta kigoda, akaweka miguu juu, akajaribu kujisemea yale maneno mwenyewe, kwa sauti ndogo. Hayakumsaidia.