Bafu la Mabati la Agneta

Enos Oketch aliendesha trekta za miwa Muhoroni mpaka mwili ulipomkatalia. Mwaka 1992 alirudi Nyalenda, Kisumu, kwa mkewe Agneta, aliyekuwa akikaanga samaki na kuwauza kando ya njia. Enos alikuwa amekonda hivi kwamba pete ya ndoa ilimtoka kidoleni yenyewe.

Bafu lao, nyuma ya nyumba, lilikuwa nguzo nne na magunia. Upepo wa ziwani ukivuma, gunia linapanda. Asubuhi moja liliinuka Enos akijimwagia maji, na watu waliokuwa wakienda sokoni wakamwona: mbavu, mgongo, vidonda. Walisimama, halafu wakaondoka upesi upesi.

Tangu hapo Enos akakataa kuoga. Agneta alimletea beseni chumbani, naye akalisukuma kando. "Mimi si mtoto, Agneta." Akawa ananuka, naye alijua ananuka; mkewe akiingia, anageukia ukutani.

Agneta aliamua kulizungushia bafu mabati, lakini pesa za mapya hakuwa nazo. Alimwita fundi Wabwire, akamwonyesha paa la jiko lake.

"Na mvua, mama?"

"Mvua itaninyeshea mimi."

Wabwire akayang'oa mabati, akayapigilia kwenye zile nguzo. Kingo akazikunja kwa nyundo zisimkate mgonjwa, na matundu ya misumari ya zamani akayaziba kwa lami, maana tundu moja linatosha jicho.

Kesho yake Ogola, ndugu ya Enos, alifika kutoka Kombewa. Alipoliona jiko liko wazi alishika kichwa. "Shemeji! Unaezua boma la ndugu yangu na bado anapumua? Unamwitia kifo?"

Agneta alikuwa na ndoo ya maji moto mkononi. Kabla hajajibu, sauti ya Enos ikatoka nyuma ya mabati:

"Omera, ndugu yangu, niache nioge."

Yakasikika maji tu yakipiga bati, muda mrefu.

Enos alioga humo kila siku mpaka miguu ilipokataa kumbeba. Mvua za masika zilipofika, akafariki. Kwenye mazishi, huko Kombewa, jamaa walinong'ona kwamba mke ndiye aliyefungua paa, kifo kikaingia. Ogola aliyasikia yote, asimtetee. Hilo lilimkata Agneta maini.

Alirudi Nyalenda, akawa anapikia chini ya karatasi ya nailoni. Mvua ikinyesha moto unazimika, samaki wanabaki nusu mbichi, na wateja wakaanza kupungua. Siku moja jirani yake Elsie alisimama mlangoni, akasitasita. Dada yake alikuwa ameletwa mgonjwa, amebaki mifupa, na kwao hapakuwa na pa kuoga bila kutazamwa.

Agneta hakuuliza anaumwa nini.

"Mlete mapema, jua halijawa kali," alisema. "Mabati yakishika joto yanachoma."