Sanduku la Chini Si Letu

Harufu ya gunia linaloungua pamoja na majani makavu ya mkaratusi haimpendezi kila mtu. Jirani yangu wa sasa akiisikia hufunga madirisha. Mimi nikiinusa, hata kama nimechelewa kazini, lazima nisimame kwanza. Kila mwaka baada ya Pasaka, ambayo huku Sydney huangukia baridi inapokaribia, nawasha bomba la moshi la kutulizia nyuki, nainamia mzinga, na papo hapo nina miaka tisa tena. Nimesimama nyuma ya mama yangu katika ua wetu wa Minto, pembezoni mwa Sydney, kichwani nina kofia pana iliyoshonewa pazia la dirisha, naogopa na najifanya siogopi.

Mzinga ule ulikuwa wa jirani yetu, mzee Franko, Mtaliano mwenye mgongo mbovu na nyanya nzuri. Mama alikuwa binti wa mfuga nyuki. Kwao Burundi babu alitundika mizinga ya magogo juu ya miti, na kwa kuwa wanawake hawakuruhusiwa kupanda, kazi ya mama ilikuwa kusimama chini na mwenge wa moshi, huku akikohoa. Halafu ikaja vita, ikaja miaka mingi ya kambini Kigoma, na mwisho ikaja Minto, ambako alipata kazi ya kutunza wazee. Siku alipouona mzinga mweupe ng'ambo ya uzio wa mzee Franko alisimama pale mpaka chapati zikaungua jikoni. Mzee wa watu hakuwa mjinga. Mwaka uliofuata, mgongo ulipokataa kabisa kunyanyua masanduku, alimwambia mama auchukue mzinga, naye angebaki kuwa mwalimu wa kwenye uzio.

Na alikuwa mwalimu kweli. Moshi, miiba, malkia, hayo yote mama aliyajua. Baridi ndiyo hakuijua. Kwa babu mtu alirina asali, mvua zikanyesha, maua yakarudi, maisha yakaendelea. Huku, mzee Franko alisema, kuna miezi mitatu ambayo nyuki hujikunja pamoja kama ngumi, wakimzunguka malkia wao kumpa joto, na kuni zao ni asali. Mzinga wetu ulikuwa na masanduku mawili, moja juu ya jingine. La juu ni la watu. La chini ni la malkia, watoto wake na chakula chao cha baridi. Mama alilitafsiri somo hilo kwa maneno machache, akanikaririsha kama kifungu cha Sunday school: sanduku la chini si letu.

Mwaka ule tulirina vizuri. Tuliliondoa sanduku la juu likiwa zito, tukaupunguza mlango wa mzinga kwa kipande cha ubao ili panya na upepo visipite, tukaweka kigae chini ya mguu wa nyuma ili maji ya mvua yatiririke kwenda mbele. Tulitazama pia nyuki wa kike wakiwaburuta madume nje mmoja mmoja, maana msimu wa baridi hawalishi asiyefanya kazi. Mama alimwita baba aje aone. Baba alitazama kidogo, akasema ana zamu kiwandani, akaondoka haraka kuliko ilivyohitajika.

Asali ya sanduku la juu ilijaa kwenye chupa za jemu, na chupa zikaanza safari. Mkono mtupu haulambwi, mama alisema, kila alipomfungia mtu yake. Za kwanza zilikwenda kwa mzee Franko, nyingine kwa watu wa kanisa kule Macquarie Fields, nyingine kwa watu waliopiga simu kusalimia tu, halafu wakakohoa kidogo. Hata chupa iliyowekwa kabatini kwa ajili ya vifua vyetu ilipata mwenyewe.

Ndipo Jumamosi moja ya mwezi wa tano akaja Mama Eliya. Alikuwa rafiki wa mama tangu kambini, na alikuwa amesafiri kwa treni kutoka Doonside, mwendo mrefu wa kubadilisha njiani, akiwa na mfuko wa dagaa mkononi. Chini ya dagaa kulikuwa na kopo tupu la maziwa ya unga, limeoshwa likang'aa. Alikunywa chai, akauliza habari za kila mtu, na kopo likakaa mezani likisema lenyewe. Hatimaye akalisemea. Mama yake mzazi, Bibi Venansia, alikuwa ametoka hospitali na alikuwa amekataa kula. Anageuza uso ukutani. Kitu kimoja tu alichotaja ni asali, tena ikiwa ndani ya sega lake, kama aliyokuwa akiletewa na marehemu mumewe.

Mama alishusha macho. "Mama Eliya," akasema polepole, "asali yetu imekwisha."

Sasa naomba mnielewe. Wiki ile ile nilikuwa nimepewa zawadi kanisani kwa kukariri kifungu cha kutosema uongo. Mdomo wangu tangu zamani haukuwa na kitasa, na sasa ulikuwa umebarikiwa. Nikainua kichwa kutoka kwenye dagaa nilizokuwa nikichambua.

"But Mum, there's heaps," nikasema. "The whole bottom box."

Nilisema hivyo, kwamba ipo tele, sanduku zima la chini, kwa Kiingereza kwa sababu ndivyo tulivyowajibu wazazi wetu sisi watoto wa huku, kila walipotusemesha Kiswahili. Lakini Mama Eliya alikuwa akisafisha ofisi za mjini kwa miaka minne na Kiingereza cha namna ile alikijua. Alilitazama kopo lake.

Leo najua mama angeweza kueleza. Baridi, malkia, akiba, somo zima la mzee Franko. Lakini utamwambiaje mtu mwenye mgonjwa kwamba chakula kipo ila ni cha wadudu? Kwao, mgeni aliyejua kuna asali kwako hakutoka bila asali, hata kama ni ya mwisho. Mama aliinuka, akavaa kofia yake yenye pazia, akachukua kisu. Mimi nilibeba bomba la moshi. Alifungua sanduku la chini, akatoa fremu nne kati ya nane, zile mbao zinazobeba masega, akayakata masega yake, nayo yalikuwa ya rangi ya kahawia iliyoiva, mazito. Akayapanga kwenye kopo mpaka likajaa. Mama Eliya aliondoka akitubariki sote. Mama alirudi akakaa kwenye ngazi ya nyuma bila kuvua kofia, na hakunigombeza, jambo lililonitisha zaidi.

Mwezi wa sita ulikuja na umande mgumu mweupe juu ya majani. Mzee Franko alizunguka uzio siku moja, akashika upande wa nyuma wa mzinga kwa vidole viwili na kuuinua. Haikupasa uinuke kwa vidole viwili. Akamtazama mama, na mama akamweleza ukweli wote, bila kunitaja. Mzee alitikisa kichwa. Asali ya dukani alikataza katakata, maana asali ya mzinga mwingine huweza kubeba ugonjwa wa kuua mzinga mzima. Ya kwao wenyewe tu ndiyo salama. Tujaribu sukari. Tulijaribu sukari na maji, lakini kwa baridi ile hawakupanda kuinywa. Asubuhi nilihesabu waliokufa mlangoni nikaacha kuhesabu. Nilimsikia mama akimwambia baba kwamba aliwapoteza nyuki wa baba yake vitani na hawa amewapoteza kwenye amani.

Usiku sikulala vizuri. Mchana nikafanya kile nilichoweza, nikavua sweta langu la shule na kuuvisha mzinga, mikono ikafungwa kwa mbele kama mtu anayesali. Mwalimu alipouliza sweta liko wapi, mimi, bingwa wa kusema kweli, nikajibu kwamba limepotea. Mama alilikuta pale. Alilivuta likae sawa, akaweka tofali juu lisipeperuke.

Jumapili iliyofuata, baada ya ibada, gari la muumini mmoja lilisimama mbele ya nyumba. Alishuka Mama Eliya, halafu akashushwa mwanamke mzee mwembamba, amefunikwa blanketi mbili, begi la kufumia likining'inia mkononi. Alikuwa Bibi Venansia. Alikataa kiti, akakataa chai, akaweka kopo la maziwa mezani na kulifungua. Masega yalikuwa mle ndani yote. Palikuwa na alama moja tu ya kidole, pembeni.

"Nani alikata hii?" akauliza.

"Ni mimi, Bibi," mama akasema.

"Miaka arubaini niliishi na mfuga nyuki. Asali ya watu inakaa kwenye sega nyeupe. Sega nyeusi hivi ni ile walimolelea watoto. Hii ni chakula ya akiba yao. Wewe, mtoto wa mfuga nyuki, unanipa mimi chakula ya watoto?"

Mama Eliya alitueleza kwa aibu. Siku ile ile alipofika nyumbani na kopo, Bibi alichovya kidole, akalamba, akatazama sega kwenye mwanga, akalifunika. Mchovya asali hachovyi mara moja, wanasema, lakini yeye alichovya mara moja tu. Akasema lirudi Minto. Binti alidhani ni ukaidi wa ugonjwa, na zamu za kazi zilikuwa nyingi, basi wiki zikapita, kopo likiwa juu ya kabati na Bibi akiendelea kukataa kula. Mpaka alipoapa kwamba atapanda treni peke yake na blanketi zake.

"Mgeni alikuja, Bibi," mama akajitetea, na sauti yake ikawa ya mtoto.

"Mgeni alikuwa wangu. Na mgeni amerudisha. Leta fremu."

Mzee Franko aliitwa uzioni. Alipoelewa kwamba asali ile ile ya mzinga ule ule imerudi, aliinua mikono juu na kusema maneno mengi ya Kitaliano. Jua la saa sita lilikuwa limetoka, nasi tulikuwa na muda mfupi kabla baridi haijarudi. Masega yaliyokatwa hayasimami yenyewe ndani ya fremu. Kwao Bibi wangeyafunga kwa nyuzi za mgomba. Yeye alifungua begi lake, akautoa uzi mwekundu wa sufu uliokuwa uwe kofia ya mjukuu.

"Shika hapa," akaniambia, "wewe msema kweli."

Kumbe alijua. Nilishika sega kwa mikono miwili, na yeye akazungusha uzi, fundo likikaa imara kila mara. Fremu nne, zimefungwa kama zawadi. Mama alizishusha karibu na lile fungu la nyuki lililobaki, akafunika, akarudisha sweta.

Mwezi wote wa saba nilikuwa nikitega sikio kwenye ubao kabla ya shule. Kulikuwa na mngurumo mdogo, wa chini sana, na siku nyingine sikuwa na hakika kama si damu yangu mwenyewe. Halafu maua ya njano yakafunguka kando ya reli, na asubuhi moja mwishoni mwa mwezi wa nane nikakuta mlangoni mwa mzinga kitu kilichonifanya niite kwa nguvu. Vilikuwa vinyuzi vyekundu. Nyuki walikuwa wameutafuna uzi wa Bibi, na sasa wanauburuta nje kipande kwa kipande, kama wafagiavyo watu nyumba yao. Mama alivikusanya kwenye kiganja, akalia, akampigia Bibi simu. Tulimsikia akicheka kule Doonside mpaka akakohoa.

Mwezi wa kumi na moja tulimpelekea sega la kwanza kutoka sanduku la juu, jeupe, lenye kutoboka kwa kucha. Alikuwa amekonda zaidi. Alililamba taratibu, macho yamefumbwa, tukingoja.

"Hii sasa ni yetu," akasema, na akaomba tena.

Nilikuwa mtu mzima nilipoelewa alichofanya. Sasa nami natunza wazee, kama mama. Najua jinsi inavyokuwa mzee anapogeuza uso ukutani, na jinsi sisi wauguzi tunavyofurahi akitaja kitu kimoja, hata barafu, hata chumvi. Bibi Venansia alikitaja kitu chake, akaletewa mpaka kitandani, akakaa nacho wiki nne bila kukigusa tena, kwa ajili ya nyuki wa watu asiowajua. Na nilielewa pia kwamba mama hakusema uongo siku ile. Yetu ilikuwa imekwisha kweli.

Mwaka juzi, tukiwa tumeinamia mzinga sote wawili, nilimwomba mama msamaha kwa maneno yangu ya siku ile. Yeye hufunga uzi mwekundu kwenye sanduku la chini kila baada ya mavuno, na alikuwa akiukaza. Hakuinua kichwa.

"Nilikuwa nimefika nchi hii bila mama," akasema. "Ungenyamaza, nani angekuja kunigombeza?"