Cherehani Kwenye Ncha ya Tuta

Wifi yangu ana mdomo, na mimi nina mdomo, ndiyo maana tumeelewana miaka yote hii. Yeye ni fundi cherehani, mimi namsaidia kutia vifungo na kukunja pindo. Kati yetu yuko kaka yangu, mume wake, fundi viatu, mtu mpole mpaka anaudhi. Banda letu la kushonea liko upande huu wa barabara kuu. Kaka anashona viatu ng'ambo, nje ya lango la shule, kwa sababu ndiko wateja waliko. Asubuhi anavuka akisukuma baiskeli yenye sanduku la vifaa, mchana anavuka tena kuja kula. Na jicho lake la kulia limeshakufa, la kushoto nalo linasuasua.

Mwaka jana gari lilimpiga kiwiko kwa kioo cha pembeni. Dereva alishuka, akakikagua kioo kwanza. Kiwiko alikikumbuka baadaye. Tangu hapo binti yao anapiga simu kila jioni: baba aache kazi, ahamie kwake, akae sebuleni aangalie televisheni. Kwa macho gani, hasemi. Kaka alisema akikaa bure atakufa. Nikamshika mkono nimvushe, akauchomoa. "Mimi si mtoto, mdogo wangu." Basi wifi akafunga safari kwenda kwa watu wa barabara, ofisini kwao.

Huko walimpiga danadana mpaka soli zikalika, bahati yake mume fundi. Leo mkubwa yuko kikaoni, kesho ametoka, njoo wiki ijayo. Alipompata, huyo msimamizi wa barabara akamwambia watu wa mtaa wetu wanavuka ovyo, wakati kivuko cha kuchorwa kipo pale kwenye kituo cha mafuta. Kipo kweli. Kinaanzia lami, kinaishia kwenye mtaro usio na daraja.

"Labda walimchorea chura," wifi aliniambia aliporudi, akatupa mkoba mezani.

Hakuchoka lakini. Aliwaganda mpaka siku moja lori likaja na lami, wakajenga tuta mbele ya banda letu. Wifi aliwapelekea vibarua chai. Kaka alivuka kwenda na kurudi mara kadhaa siku hiyo bila sababu yoyote ya maana, anatabasamu tu.

Furaha yenyewe haikukaa. Dereva wa kwetu akiona tuta hapunguzi mwendo, anatafuta linapoishia. Na linapoishia ndipo kilipo kinjia cha vumbi, njia ya watu wa miguu na wa baiskeli. Pikipiki zilianza kukwepea pale kwenye ncha, teksi zikafuata, mwisho hata lori la mchanga likajaribu. Yaani zamani tuliogopa kuvuka, sasa tukawa tunaogopa hata kusimama pembeni. Mchana mmoja kaka alisimama pale akisubiri kuvuka, na adabu zake zote. Pikipiki ikaja upande wa jicho lisiloona, ikambwaga yeye na baiskeli yake, na haikusimama. Misumari ya viatu ilitapakaa mavumbini. Tuliiokota mmoja mmoja. Hasira zilinipanda nikataka kulia.

"Labda binti yetu anasema kweli," kaka alisema.

Wifi akarudi ofisini kudai nguzo fupi kwenye ncha zote mbili. "Mama, uliomba tuta, tumekupa tuta," msimamizi alimjibu. "Sasa unataka nini tena?" Nguzo, akasema, labda mwaka ujao.

Asubuhi yake nilifika nikakuta banda tupu. Wifi alikuwa ameburuta cherehani yake ya miguu mpaka kwenye ncha ya tuta, na kiti, na kapu la vitambaa, anashona sare za shule. Ng'ambo, kaka alikuwa ameweka benchi na sanduku lake kwenye ncha ya pili.

"Wifi, una wazimu?"

"Nipe hicho kitambaa."

Nikampa, ningefanya nini. Nyuma yake tuliacha upenyo wa watu na baiskeli. Pikipiki zilipojaribu kupenya, nilisimama pale na mkasi wa kukatia. Madereva walipiga honi, wakatukana. Wenye malezi waliamkia kwanza.

"Shikamoo mama, tunachelewa."

"Marahaba. Tuta hilo hapo."

Karibu na saa ya chakula gari la ofisi ya barabara likaja, likalikwepa tuta kama wenzake, likasimama nusura liguse cherehani. Honi. Msimamizi akatoa kichwa dirishani, akamtambua.

"Mama, toka hapo. Hapo ni hatari, utagongwa."

Wifi alikata uzi kwa meno. "Hapa ni njia ya miguu. Wewe umefuata nini?"

Akarudisha kichwa ndani. Dereva wake akarudi nyuma, akapanda tuta taratibu, na foleni nzima nyuma yake ikapanda taratibu. Ndipo kaka akashika baiskeli yake, akavuka peke yake, bila haraka. Alipofika aliuliza chakula kiko wapi.

Nguzo hazijaja mpaka leo. Watu wanapiga picha, wanamwita wifi Mama Tuta, eti jasiri. Sifa hizo zinanichosha, kwa sababu wenye kusifu ndio hao hao wanaopiga honi kesho yake. Na mvua ikinyesha, cherehani haitakiwi kulowa, tunaiburuta kuirudisha bandani. Magari yanarudi kwenye kinjia. Siku hiyo kaka anakaa nasi ndani, sanduku magotini, anasikiliza yanavyopita, anasubiri mvua ikatike aende kazini.